Ushahidi wa Masikio ya Mume Wangu

Jibu la kwanza la ofisi ya askari wastaafu, tulikoomba fidia, lilisema kwamba masikio ya mume wangu yaliharibiwa na kiwanda, si vita. Nililisoma kwa sauti pale jikoni, kwa mazoea tu, halafu nikakumbuka kwamba hanisikii, nikamsogezea karatasi mezani. Alisoma akiwa amesimama, koti bado liko mwilini. Alipomaliza akasema, "Basi, yaishe," akaenda kubadilisha nguo.

Mimi sikutaka yaishe.

Nilimfahamu mume wangu masikio yake yakiwa mazima. Tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, katika kanisa la kukodi kule Mount Dennis, ambako jioni za Jumapili Watanzania, Wakenya na Wakongo tulikuwa tukipewa ukumbi baada ya wenyewe kumaliza. Yeye aliimba besi. Alikuwa ameletwa Toronto na wazazi wake kutoka Moshi akiwa bado mwanafunzi, na alipopata uraia akajiunga na jeshi kwa sababu alipenda injini na jeshi liliahidi kumsomesha ufundi. Wikiendi akija kutoka kambini alikuwa anapitiliza moja kwa moja mazoezini, na mwalimu wa kwaya alimpenda kwa kuwa alikuwa anamshika mtu wa sauti ya tatu aliyepotea noti katikati ya watu thelathini, anamgeukia na kumrudishia noti yake taratibu, bila kumwaibisha. Tulioana. Mwaka uliofuata alipelekwa Afghanistan.

Aliporudi alikuwa na kovu refu mkononi na tabia mpya ya kukubali kila kitu. Ukimwambia chai imepoa, anasema eeh. Ukimuuliza ale nini, anasema eeh. Mwanzoni nilidhani ni huzuni. Alinieleza mara moja tu kwamba gari lao la deraya lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, na kwamba rafiki yake mkubwa kule kikosini alikufa papo hapo. "Hakuumia hata kidogo," alisema, akalirudia neno hilo papo hapo, na nikaelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa limembakizia usingizi. Sikumuuliza zaidi. Kwenye kwaya alianza kuchelewa kuingia, kisha akaanza kuimba kwa kutazama midomo ya wenzake, kisha akaacha kwenda.

Alipotoka jeshini alifanya kazi miaka michache katika kiwanda cha kukata mabati, upande wa magharibi wa jiji. Alivaa vizibo vya masikio kila siku, na juu yake vile vikubwa kama vya rubani. Lakini alikifanyia kazi kiwanda, na kiwanda kina kelele, na faili lake la jeshini halikuwa na neno hata moja kuhusu masikio. Siku ya bomu hema la matibabu liliandika mkono, kwa sababu mkono ndio uliokuwa ukitoka damu. Masikio yalikuwa yakimlia kengele, lakini ya kila mtu yalikuwa yakilia siku ile, nani angekwenda kulalamika?

Sijui kama mtu ambaye hajaishi na jambo hili anaweza kuelewa lilivyotuingilia nyumbani. Kiingereza alikishika kwa macho. Alikuwa amekisoma shuleni hapa, televisheni inamwandikia maneno chini ya picha, na binti yetu, ambaye anaelewa Kiswahili lakini hukijibu kwa Kiingereza, alimzoea mapema: anasimama mbele yake, anatamka polepole, wanaelewana. Kiswahili hakina wa kumwandikia. Alikipata kwa masikio, akiwa mtoto mgongoni, na masikio yalipokwenda kilikwenda nayo. Nikimsemesha Kiswahili ananitazama mdomoni kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, kisha anasema, "Sema kwa Kiingereza." Ndivyo nyumba yetu ilivyohama lugha. Haikuwa kwa ajili ya mtoto, kama katika nyumba nyingine za hapa Flemingdon Park. Ilikuwa kwa ajili yake.

Dada zake wa Moshi wanatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Ninausikiliza mimi na kumwandikia. Kuna siku shangazi yake alituma sauti ya kumlaumu, akisema tangu awe Mkanada hana habari na watu, hata shikamoo za wadogo zake anaona nzito kuziitikia marahaba. Huo sikumwandikia.

Kwa hiyo jibu lile lilipokuja, kilichoniuma haikuwa kukosa msaada tu. Ni ule uhakika wa watu wasiomjua, kwamba walijua kilichomtokea.

Tulipewa wakili. Askari wastaafu wanaokata rufaa hupewa wakili bila kulipa, na wetu alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye sauti kubwa ambayo mume wangu aliipenda kwa sababu alikuwa anaisikia walau robo yake. Alitueleza vizuri.

"Hakuna anayebisha kwamba husikii," alimwambia, huku akimwandikia pia kwenye karatasi. "Kipimo kimeshasema. Tunachobishania ni kelele gani iliyokufanya hivi. Ile ya kule au ile ya kiwandani."

Daktari wa masikio alikuwa ameandika kwamba uharibifu wa namna ile unaweza kuletwa na mlipuko, na unaweza kuletwa na mashine. Kasema vyote viwili, kasaini. Wakili alisema sheria inaegemea upande wa askari pale shaka inapobaki, lakini lazima kwanza kuwe na kitu cha kutia shaka.

"Nahitaji mtu aliyekuwepo," alisema. "Mtu aliyemwona siku ile, saa ile, akiwa hasikii. Kuna nani?"

Mume wangu alisoma swali, akasema, "Dereva. Lakini msimsumbue yule."

Dereva wa gari lile nilikuwa nimemwona mara moja, kwenye harusi yetu. Ni mtoto wa familia ya Kiismailia iliyotoka Tanga zamani. Yeye amezaliwa hapa hapa Toronto. Yeye na mume wangu walishibana jeshini kwa sababu ya Kiswahili: mmoja alikuwa nacho cha Uchagani, mwingine cha jikoni kwa mama yake, na kwenye redio walitukanana kwa raha bila mkubwa yeyote kuelewa. Tangu warudi walikuwa hawajaonana. Mume wangu alidhani ni uvivu wa kupiga simu, na yeye mwenyewe simu alikuwa haiwezi.

Nilikwenda kwao Markham, kaskazini ya jiji, siku ya mapumziko yangu, kwa mabasi, katika theluji iliyoanza kuyeyuka. Kule watu wana nyumba zao na gereji zao na hakuna anayetembea kwa miguu. Nilihisi kila dirisha linanitazama. Alinifungulia mlango mama yake. Alikuwa mama mfupi mwenye shali, na nilipomwamkia shikamoo akaweka mkono kifuani.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Loo, hata sikumbuki lini mtu kaniamkia hivyo mlangoni. Ingia, vua viatu, miguu yako imelowa."

Alinipa soksi za mwanawe nivae. Alileta chai ya maziwa na kachori, akakaa na sisi kidogo, kisha akarudi jikoni, ambako nilimsikia hafanyi kitu, amesimama tu.

Dereva alikuwa amenenepa, anafanya kazi ya kompyuta akiwa hapo hapo nyumbani. Anachechemea kidogo. Nilimweleza kilichonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Pole. Mwambie nampenda. Lakini siwezi."

"Ni kusema tu kwamba ulimwona hasikii. Dakika chache."

"Wataniuliza nilijuaje."

"Si utawaambia?"

Aliweka kikombe chini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto, chenye maneno machache na ya moja kwa moja, na labda ndiyo maana kilinichoma. "Shemeji, nikisema, nasema yote. Kidogo, haiwezekani. Yeye mwenyewe anataka?"

Nilimwambia ukweli, kwamba yeye ameshakata tamaa, na kwamba ninayetaka ni mimi. Nikamwambia habari za kwaya, na za shangazi wa Moshi. Nikamwambia kwamba mume wangu anakaa peke yake katikati yetu kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilikuwa ninalia wakati huo, na mama yake akatoka jikoni.

"Nenda ukaseme," alimwambia mwanawe. "Miaka yote hii una kitu hapa," akajigusa koo, "na mimi napika tu, napika tu, nikidhani chakula kitakishusha."

Kijana, maana mbele ya mama yake alikuwa kijana, alifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakunijibu siku ile. Alinirudisha kwa gari mpaka Don Mills. Baada ya wiki chache wakili alinipigia kusema shahidi amekubali.

Rufaa ilisikilizwa katika chumba kidogo katikati ya jiji. Kulikuwa na meza ndefu, jagi la maji, boksi la tishu lililowekwa mahali ambapo kila mtu angelifikia. Wasikilizaji walikuwa wawili, mama mwenye mvi aliyeongoza, na mwanamume aliyeandika zaidi ya kusema. Walikuwa wapole. Ninalisema hilo kwa sababu watu hunitazamia niseme vingine. Mbele ya mume wangu waliweka skrini, na pembeni alikaa mwanamke mwenye kazi ya kuchapa kila neno linalotamkwa, likatokea pale alisome. Alichapa kwa haraka ya ajabu, lakini hata hivyo maneno yalichelewa kidogo nyuma ya sauti, kama mtu anayekufuata ngazini.

Mume wangu alitangulia kutoa maelezo. Akaeleza mlipuko, kengele masikioni, miaka ya kiwandani, vizibo vyake. Walipomuuliza kwa nini hakusema lolote hemani, alisema, "Rafiki yangu alikuwa amekufa papo hapo. Ningeanzaje kulalamikia masikio?"

Niliona dereva anainamisha kichwa.

Zamu yake ilipofika, wakili alimwongoza polepole. Alikuwa amekaa wapi? Kwenye kiti cha dereva, miguu imebanwa, hawezi kutoka. Aliona nini? Aliona nje kupitia mlango uliofumuka. Mume wangu alikuwa wapi? Amepiga magoti ubavuni mwa gari, anavuta mlango wa nyuma uliokwama, maana kulikuwa na wengine ndani.

Kisha yule mama mwenye mvi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ulijuaje, siku hiyo, kwamba alikuwa hasikii?"

Dereva alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Kwa sababu alikuwa anaitwa na hakugeuka."

"Anaitwa na nani?"

"Na yule aliyekufa."

Mimi nilisikia. Kila mtu chumbani alikuwa amesikia, isipokuwa mume wangu, ambaye alikuwa bado anasoma jibu la nyuma, lile la mlango uliokwama. Nilitamani ile mashine izime. Nilimtazama mchapaji, nikaona vidole vyake vimesimama, kisha vikaendelea, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Dereva naye akaendelea, kama mtu aliyefungua bomba asiloweza kulifunga. Rafiki yao alirushwa mtaroni, nyuma ya mgongo wa mume wangu, umbali wa kutoka kwenye meza ile hadi mlangoni. Alikuwa hai. Alimwita mume wangu kwa jina lake la utani la kikosini. Alimwita tena na tena, sauti ikiwa nzuri tu, ya mtu anayemwita mwenzake aje amsaidie kubeba kitu. "Na mimi nikapiga kelele, geuka, geuka, yuko nyuma yako. Hakugeuka. Aliendelea kuvuta mlango. Alipogeuka, mwenzetu alikuwa ameshanyamaza. Akarudi kwetu akasema amekufa papo hapo. Sikuona sababu ya kumsahihisha."

Maneno yalikuwa yakipanda kwenye skrini. Mume wangu aliweka kidole chini ya mstari, kama mtoto anayejifunza kusoma, akaufuata mpaka mwisho. Akaurudia. Kisha akainua uso akamtazama dereva, na akauliza kwa Kiswahili, lugha ambayo nilikuwa sijamsikia akiianzisha mwenyewe kwa muda mrefu:

"Aliniita?"

"Alikuita, kaka," dereva akajibu, kwa Kiswahili pia. "Nisamehe. Alikuita."

Mchapaji hakuwa na namna. Kwenye skrini yakatokea maneno kwamba wanazungumza lugha nyingine. Mume wangu aliyasoma, akangoja zaidi, hayakuja. Ikabidi dereva atikise kichwa tu, juu na chini, mara nyingi, machozi yakimtoka, mpaka mume wangu naye akatikisa chake.

Yule mama aliomba tupumzike. Kwenye korido walisimama wawili hao wakiwa wameshikana mabega, vipaji vya nyuso vikigusana. Nilisimama mbali nikiwa nimeshika makoti yao.

Rufaa tulishinda. Uamuzi uliofika baadaye ulisema wamemwamini shahidi, na kwamba kwa ushahidi wake ni wazi masikio yalipotea palepale barabarani, kabla ya kiwanda chochote. Mume wangu atalipwa, atatibiwa, atapewa vifaa vya kusikia vizuri kuliko vile tulivyojinunulia. Wakili alipiga simu kutupongeza, na nikamshukuru kwa moyo wote, maana alifanya kazi yake. Mume wangu alisoma uamuzi wote, kurasa zote, akauweka mezani. Akaniuliza kama wali umeiva.

Hakunilaumu. Ningejua la kufanya kama angenilaumu. Vifaa vipya alivivaa miezi ya mwanzo kwa ajili ya binti yetu, akasema ndege ni wengi kule bondeni chini ya ghorofa yetu kuliko alivyokumbuka, na sauti ya jokofu inamchosha. Kwayani hakurudi. Mara nyingine, tukiwa tumekaa tu, anasema, "Ningegeuka, unajua." Ninamwambia ninajua. Anasema, "Kama ningesikia, ningegeuka," na mimi namshika mkono wenye kovu.

Mama wa Markham hunipigia siku hizi. Ananiambia mwanawe ameanza kutoka, amekwenda kuangalia mpira na wenzake, amecheka mezani. Anamshukuru Mungu na ananishukuru mimi. Ninafurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini nikikata simu namwona mume wangu kule kwenye kibaraza cha ghorofa, anatazama miti ya bonde la Don bila kutazama kitu, na ninajua kilichotoka nyumba ile kimeingia wapi.

Karibu na Krismasi ilikuja simu ya mama mwingine, mama wa yule rafiki aliyekufa. Anaishi peke yake katika mji mdogo kaskazini, na kila mwaka lazima atupigie kututakia heri. Mimi huzungumza naye kwa sauti ya wazi, mume wangu akikaa mbele yangu, nikimweleza anachosema. Mama huyo tangu mwanzo aliambiwa na jeshi kwamba mwanawe alikufa papo hapo, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumthibitishia, akiwa bado na bendeji.

"Nimesikia mmeshinda," alisema. "Nimefurahi mno. Hatimaye! Waliamini kwa ushahidi gani?"

Mume wangu alikuwa akinitazama mdomoni. "Anasema nini?"

Nikamwambia. Macho yake yalibaki pale pale kwenye mdomo wangu, yakingoja kuona utafanya nini.

"Dereva wao alitoa ushahidi," nikasema kwenye simu. "Alieleza kwamba mlipuko ulimziba mume wangu masikio palepale. Hata ungemwita asingesikia."

"Maskini wa Mungu," mama akasema. "Mimi hujifariji kwamba wangu hakukaa kuumia."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Amesemaje?" mume wangu akauliza.

Nilimweleza, kwa Kiingereza, polepole, uso kwa uso. Aliinuka akaenda mpaka dirishani, akarudi, akakaa tena.

"Mwambie tutakwenda kumwona," alisema. "Majira ya joto. Sisi wawili na dereva."

Nikamwambia. Yule mama alifurahi mpaka sauti ikamkatika. Akaanza kunieleza barabara ya kufuata, mahali pa kuacha njia kuu, kituo cha mafuta tutakachokiona mkono wa kushoto, na nyumba yake yenye mlango wa kijani baada ya daraja. Nilitafuta kalamu nikaandika nyuma ya bahasha, huku mume wangu akisogea karibu kusoma.